Jina Lisilohama Bondeni

26 Agosti

Kalenda hii tumepewa na wauza mbegu. Kila ukurasa una picha ya muhindi na chini yake nafasi tupu, nami sipendi kitu kikae tupu. Wiebke, mjukuu wangu, kasema, "Andika, Bibi. Ukiendelea kuyasema yote kwa mdomo utawachosha ng'ombe." Basi naandika.

Herufi sikuzipata shuleni. Kule kwetu mashariki shule ilifungwa Warusi walipokaribia. Nilifika huku mwaka arobaini na tano, mtoto wa miaka tisa, kifua kibovu, sina mama wala baba. Daktari akasema nisikae na watoto wenzangu. Kifua kilipopona nilikuwa mrefu kama mwalimu, na ng'ombe walikuwa wameshanizoea. Aliyenifundisha kusoma ni Mama Lisbeth, mwenye shamba hili, hapa hapa jikoni, kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Ndiyo maana hata nikiandika habari ya viazi naona kama nitaambiwa niimbe.

Wiebke anaolewa siku ya Mtakatifu Martin, Novemba. Shamba analiendesha yeye, kwa kuwa baba yake, mwanangu Reinhard, akinusa nyasi kavu anavimba macho, akakimbilia ofisini Hannover. Mchumba ni Thore Brandes, fundi wa mashine za kukamulia. Miguu mirefu, maneno machache.

Jambo moja tu halijakaa sawa. Thore hataki kuchukua jina letu.

Na katika nyumba hii, mwanamume akimwoa binti wa shamba, jina lake huliacha mlangoni pamoja na buti zenye matope, akaingia kuvaa la shamba. Ndivyo ilivyokuwa tangu boriti ya mlango mkubwa ipandishwe. Wote waliomiliki nyumba wamechongwa pale juu, mume na mke. Wa mwisho ni Alma na Heinrich Kiewitsiek, 1958. Alma ni mimi. Chini yetu pamebaki nafasi, na nimeshasema kuhusu nafasi.

27 Agosti

Mvua. Plamu zinapasuka mtini.

29 Agosti

Thore kaja kutengeneza pampu. Nikamsubiri amalize, maana sitaki kugombana na mtu aliyeshika spana.

"Thore, jina Kiewitsiek lina ubaya gani?"

"Halina ubaya, Bibi Alma."

"Basi lichukue."

"Ninalo langu. Nimelizoea."

"Brandes! Brandes wamejaa nchi nzima. Ukirusha jiwe Osnabrück unampiga Brandes."

"Basi usirushe, Bibi. Utampiga baba yangu."

Wiebke kacheka mpaka kaegemea ng'ombe. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, peke yangu, kwenye ghala.

2 Septemba

Leo kaingia mtu uani na nyumba yake mgongoni, gari lile la kulala ndani. Mzee mnene, kavaa sweta ya rangi ya haradali. Kasimama mbele ya boriti, kavua kofia kama yuko kanisani, kisha kaanza kulia.

Nikamfuata. "Bwana, kama umefiwa njoo ndani. Kama unauza kitu, nenda."

"Mimi ni Ottokar Kiewitsiek," akasema. "Natoka Bremerhaven."

Nilishtuka kidogo. Sijapata kumwona Kiewitsiek ambaye sikumpikia.

Ni dereva wa basi mstaafu. Mke kafariki, watoto hawakujaliwa. Tangu astaafu kazi yake ni hii: kutafuta kila mwenye jina letu. Ana kompyuta iliyojaa vitabu vya simu vya nchi nzima, na ana ramani ameichoma pini nyekundu. Kaitandaza juu ya meza yangu, juu ya unga.

"Tazama, Bi Alma. Ujerumani nzima hatujazi basi langu moja."

Pini zimekusanyika hapa kwetu, chache, kama kuku wanaozunguka bakuli. Moja moja zimetawanyika njia ya kuelekea kaskazini. Yake iko peke yake, ukingoni mwa bahari. Kisha kuna karatasi nyingine, ya Amerika, na huko Missouri wamejaa. Watoto wa pili na wa tatu, anasema, wale ambao shamba halikuwatosha, walipanda meli.

"Na wote mwanzo wao ni hapa," akasema. "Damu yangu imetoka hapa."

Nikampa supu. Maskini, anakula kama mtu aliyekula peke yake muda mrefu, haraka na bila kuinua macho.

3 Septemba

Jirani yetu wa kwanza, Gerd Averbeck, kaja kufoka kwamba gari la Ottokar limeziba njia yake ya trekta. Jirani wa kwanza ndiye anayekuzika na ndiye anayesuka shada la harusi, kwa hiyo ana haki ya kufoka.

"Ondoa hilo banda lako!"

"Si banda. Ni gari lenye kibali."

"Kuku wangu ana banda zuri kuliko hilo!"

Wamesimama uso kwa uso, vipara vinang'aa, masikio yamewatoka kama mishikio ya sufuria. Nikawapa keki ya plamu wote wawili. Mtu hawezi kutukana akiwa na krimu mdomoni.

4 Septemba

Nimempeleka Ottokar bondeni, nyuma ya shamba la viazi, pale kwenye majimaji. Neno la zamani la bonde la namna hiyo ndilo nusu ya jina letu. Nusu nyingine ni wale ndege wa kishungi wanaolia kiwiit, kiwiit. Zamani walitaga pale mpaka ulikosa pa kukanyaga. Siku hizi wanapita tu.

"Kwa hiyo mtu wa kwanza hakuwa na jina," Ottokar kasema. "Bonde ndilo lililokuwa nalo. Yeye alikaa karibu."

"Alikaa karibu na miguu ikalowa. Kama sisi sasa."

Kainama, kashika udongo. "Damu yangu," kasema tena.

Mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Nikaona nimwambie kabla hajazoea.

"Bwana Ottokar, damu hapa natia kwenye soseji tu. Mama Lisbeth na Baba Anton walikuwa na wana wawili. Vita vikawachukua: mmoja alibaki Urusi, mwingine alibaki baharini. Mimi nilitupwa hapa na gari la wakimbizi, jina langu Alma Sadrinna, limeshonwa ndani ya koti. Wakanilea, wakanifanya binti. Nikaolewa na Heinrich, kibarua wa hapa hapa. Wakati ule sheria haikumruhusu mume kuchukua jina la mke, kwa hiyo akaomba serikalini, akakubaliwa kwa ajili ya shamba. Sisi sote ndani ya ile nyumba hatuna tone moja la mtu aliyechonga ile boriti."

Katazama buti zake. Karudi garini kwake, kafunga mlango.

Jioni nikampelekea mkate mweusi na nyama. Hakufungua. Nikauweka kwenye ngazi na kusema kwa sauti, "Paka akila shauri lako." Mlango ukafunguka.

5 Septemba

Ottokar kaanza kuongea tena. Anataka kubaki mpaka viazi vitolewe. Nikamwuliza kwa nini, damu hakuna. Kasema, "Supu ipo."

10 Septemba

Jumapili. Leo nimeharibu, na nitaandika ilivyokuwa.

Tulikuwa mezani kwa kahawa: Wiebke, Thore, Ottokar, Gerd na mkewe. Ottokar katoa ramani yake, anaeleza jinsi jina linavyopungua, kila mwaka pini moja inang'oka. Nikamwaza Mama Lisbeth, siku aliponiambia, mbele ya kasisi, "Kuanzia leo wewe ni Kiewitsiek, na hakuna atakayekuuliza tena umetoka wapi." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Usiku ule nililala na viatu miguuni, tayari kukimbia, kwa mara ya mwisho. Mtu mwingine anaweza kudharau jina. Mimi lilikuwa paa langu.

Nikaweka kikombe chini nikasema, "Shamba bado liko mikononi mwangu. Sitaweka sahihi kumpa Wiebke mpaka mumewe achukue jina. Asiyelitaka jina halitaki shamba."

Hakuna aliyesogeza kijiko. Thore kawa mwekundu mpaka shingoni. Wiebke ndiye aliyesimama.

"Bibi, umeniuza mbele ya majirani."

"Nimekulinda."

"Kutoka kwa nani? Kwa Thore? Juzi juzi kakutengenezea pampu na hukumpa hata asante!"

"Pampu si—"

"Mimi nitakuja kukamua asubuhi na jioni, kwa sababu ng'ombe hawana kosa. Lakini silali hapa."

Katoka. Thore kamfuata, kisha karudi mlangoni. "Keki ilikuwa nzuri, Bibi Alma," kasema, akaenda. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angenitukana ningejua la kumjibu.

11 Septemba

Wiebke kakamua. Hakunywa kahawa.

12 Septemba

Wiebke kakamua. Hakunywa kahawa. Niliitengeneza na nikaimwaga.

14 Septemba

Mvua. Wiebke kakamua. Niliacha kikombe juu ya tangi la maziwa, pale lazima apite. Nikakikuta kimejaa, kimepoa, kimehamishwa ili kisianguke.

17 Septemba

Mvua, mvua. Viazi vya bondeni vimekaa majini. Ottokar kapika dengu. Mbaya sana. Nimekula zote.

20 Septemba

Jua limetoka kidogo. Gerd kaleta mashine yake ya kuvunia, ikazama kabla haijamaliza mstari wa tatu. Kasimama juu yake akiwatukana watengenezaji wote wa mashine. Redio imesema mvua kubwa kesho kutwa. Kama havitoki sasa, vitaoza, na mbegu ya mwakani imo humo.

Nikachukua jembe la meno na kikapu. Nina miaka sabini lakini mgongo nimeukopesha kazi zamani sana, haunidai tena. Ottokar kanifuata. Gerd na mkewe. Wiebke katoka zizini, kavaa buti, kaanza mstari wa mbali kabisa na wangu.

Saa nane mchana nikasikia gari. Thore. Kaomba ruhusa kazini. Hakuja kwangu wala hakwenda kwa Wiebke, kaingia katikati, pale penye maji mengi, ambapo hata Gerd alisema pasahaulike. Kapiga magoti kwenye tope. Kwa mikono. Alikuwa anavitoa kimoja kimoja, anakifuta kwenye paja, anakitia kikapuni taratibu, kama mtu anayekusanya mayai.

Nimeona wanaume wengi wakitoa viazi. Wenye jina letu walivitupa kikapuni, kwa sababu ni vyao. Huyu, ambaye nimemwambia havitakuwa vyake, anavilaza.

21 Septemba

Wote tena, tangu alfajiri. Hatukuongea. Mchana nikapeleka chungu shambani, supu ya maharage na nyama ya kuvuta moshi. Nikampakulia Thore wa kwanza. Mkono wake ulikuwa umepasuka, tope na damu kidogo.

"Tia mafuta ya ng'ombe," nikasema. "Ya kopo la kijani."

"Hayo ya kupaka chuchu?"

"Ng'ombe hajawahi kulalamika."

Wiebke, nyuma yangu, alikohoa. Namjua tangu anazaliwa. Hakuwa anakohoa.

Tumemaliza mvua ya kwanza ikidondoka.

22 Septemba

Mvua kubwa. Bonde limekuwa ziwa. Viazi viko ndani. Wiebke kakamua. Kahawa hakunywa, lakini kauliza, "Mgongo?" Nikasema, "Upo." Yametosha.

1 Oktoba

Ottokar anachora mti wa nyumba yetu kwenye karatasi ndefu ya kufungia nyama. Kila mtu anampa kisanduku. Kwa wanawake anaandika walikozaliwa, kama ilivyo kwenye boriti: fulani Kiewitsiek, aliyezaliwa fulani. Wanaume walioingia kwa ndoa hawana maneno hayo. Boriti haikuwaandikia. Jina la kwanza, jina la shamba, basi.

Amekuwa akienda kanisani kusoma vitabu vya ubatizo. Leo karudi na habari. Baba wa babu yake, babu aliyehamia kaskazini, hakuzaliwa Kiewitsiek. Aliingia kwa kuoa. Alizaliwa Averbeck, nyumba ya jirani hapa.

Nikamtazama. Nikamtazama masikio. Nikaita dirishani, "Gerd! Njoo uchukue ndugu yako!"

Gerd kaja akifikiri gari limeziba njia tena. Walipoelezwa wakabaki kutazamana. Kisha Gerd kajishika sikio lake, kamshika Ottokar la kwake, kama anapima kitambaa.

"Lile banda," kasema hatimaye, "lilete uani kwangu. Upande wa huku kuna upepo."

Mume na mke wa Averbeck wamemchukua kula huko leo. Nyumba kimya. Sikutegemea nitazikumbuka zile dengu.

4 Oktoba

Ottokar karudi na karatasi yake. Kafika kwenye kisanduku cha Heinrich.

"Heinrich Kiewitsiek, aliyezaliwa…?"

"Kiewitsiek," nikasema.

"Hapana, Bi Alma. Aliyezaliwa?"

Ulimi ulinichelewa. Niliishi naye miaka arobaini na mitano na jina hilo sikuwahi kulitamka tangu siku ya harusi. "Immeke," nikasema.

"Immeke. Zuri hilo. Wako wapi Immeke siku hizi?"

Katia kwenye kompyuta. Kaangalia wilaya yetu, hakuna. Kaangalia wilaya za jirani. Kaangalia mpaka Bremen. Kachukua boksi la pini, kafungua, kalifunga.

"Walikuwa hapa tu?" akauliza.

"Upande wa pili wa msitu. Baba yake alifuga nyuki. Ndugu yake alikufa mdogo."

"Basi Heinrich alikuwa wa mwisho."

Nilikwenda kulisha kuku ambao walikuwa wameshakula.

5 Oktoba

Sikulala vizuri. Nakumbuka hospitali, miaka mitatu iliyopita, juma la mwisho. Muuguzi alikuwa akimwita, "Bwana Kiewitsiek, fungua macho." Hakufungua. "Bwana Kiewitsiek." Kimya. Daktari akasema hasikii tena. Kisha mzee wa kitanda cha jirani, mtu wa upande ule wa msitu, akamwita, "Heini Immeke, we!" Na Heinrich akageuza kichwa. Kabisa. Akatabasamu kama kijana.

Wakati ule nilifikiri akili imemtoka. Nilimwambia hivyo hata Reinhard.

Alikuwa mtu mpole. Kila alipoulizwa kama alijutia kuliacha jina lake alisema, "Limenipa Alma." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini kumbe alikwenda nalo mfukoni miaka yote ile, kama mtu aliyebeba ufunguo wa nyumba iliyovunjwa.

Jina hili mimi nilipewa nina njaa. Yeye alipewa ameshiba. Si kitu kimoja.

6 Oktoba

Nimemwita Thore. Nilipiga simu mwenyewe. Kasema, "Pampu tena?" Nikasema, "Njoo na patasi."

Alikuja na Wiebke. Wiebke kabaki kwenye gari, kioo kimeshushwa nusu.

"Unaweza kuchonga herufi?" nikamwuliza Thore.

"Ninachonga kila kitu isipokuwa nyama, Bibi Alma."

"Panda ngazi. Pale, baada ya Heinrich Kiewitsiek. Andika: aliyezaliwa Immeke."

Katazama boriti, kanitazama mimi. Kapanda. Mkono ni mzuri, sikujua. Anagonga kidogo, anapuliza vumbi, anagonga tena. Vipande vya mti wa mwaloni vinanidondokea kichwani na sikusogea. Nikasikia mlango wa gari. Wiebke kaja kusimama kando yangu.

"Immeke ni nani?" kauliza.

"Babu yako."

Kaweka mkono wake mfukoni mwangu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto akisikia baridi.

Thore juu ya ngazi kauliza, "Na wewe, Bibi? Wewe ulikuwa nani? Nafasi ipo."

"Mimi niache. Mimi nililitaka hili."

Kashuka. Nikashika mikono yake, nikaitazama. Imepona. Nikamwambia, "Brandes ni jina zuri. Kaa nalo. Ukiliacha kwa ajili yangu nitakupiga na ufagio."

"Una hakika, Bibi?"

"Nina ufagio."

Wiebke kaniuliza, polepole, "Na shamba?"

"Jumatatu tunakwenda kwa mthibitishaji wa hati. Utaniendesha wewe, kwa sababu Reinhard anaendesha kama amebeba mayai."

Kalia. Nami nikamwambia asilie juu ya sakafu niliyofagia. Kisha tukanywa kahawa. Wote watatu, na Wiebke vikombe viwili.

9 Oktoba

Nimeweka sahihi. Mthibitishaji kasoma saa nzima bila kumeza mate. Nimeandika jina langu lote, Alma Kiewitsiek, kwa herufi za Mama Lisbeth, na halikupungua uzito.

15 Oktoba

Tufaha. Tufaha. Tufaha.

22 Oktoba

Ottokar kachomeka pini ya bluu msituni, pale palipokuwa na nyuki. Bluu ni kwa walioondoka, kasema. Nikamwuliza kuna maana gani kuchoma pini mahali pasipo na mtu. Kasema, "Basi likipita kituo tupu, dereva hupunguza mwendo hata hivyo."

Namwona kila siku kwa Gerd. Wanagombania jinsi ya kupanga kuni. Mke wa Gerd kaniambia usiku wanakaa sebuleni wanakoroma kwa zamu.

30 Oktoba

Umande wa kwanza ulioganda. Sasa kabichi ya majani itakuwa tamu.

4 Novemba

Thore kaniuliza kama wanaweza kuweka majina yote mawili. Yeye Brandes, Wiebke Kiewitsiek, kila mtu na lake. Sheria inaruhusu.

"Na mtoto?" nikasema, kabla sijajizuia.

"Tutamwuliza," kasema Thore.

"Mtoto mchanga?"

"Atalia kwa upande mmoja."

Nimemrushia tufaha. Kalidaka, kalila.

10 Novemba

Majirani wamesuka shada la misonobari kuzunguka mlango mkubwa. Gerd kaongoza, kwa kuwa ndiye jirani wa kwanza, na Ottokar kashika ngazi kwa kuwa ni ndugu wa jirani wa kwanza, na anamwambia kila mtu hivyo, hata mtu wa posta. Maua ya karatasi meupe. Nimewaambia wasifunike boriti. Wamefunika kidogo. Nimepanda mwenyewe nikayasogeza, yasomeke: aliyezaliwa Immeke. Wote wamepiga kelele nishuke. Nilishuka nilipomaliza.

11 Novemba

Wameoana. Naandika jikoni nikiwa na gauni zuri, aproni juu yake, bata bukini wawili ndani ya jiko na wa tatu anasubiri.

Ofisini msajili kasoma majina. Thore Brandes. Wiebke Kiewitsiek. Nilisubiri nione kama kifua kitaniuma. Kiliuma kidogo, pale pale pa zamani. Kisha Wiebke kageuka kunitafuta kwa macho, na kikaacha.

Tuliporudi uani pamejaa magari. Ukungu umepanda kutoka bondeni. Nilitoka nje kuchukua kuni na nikawasikia kabla sijawaona, kiwiit, kiwiit, kundi zima, wanashuka kwenye yale maji yaliyobaki shambani. Miaka sijaona wengi namna hiyo. Hakuna aliyewaambia ofisini kulikuwa na habari gani. Bonde ni lile lile, wakashuka.

Thore alikuwa kwenye kona ya zizi na rafiki zake, suti mpya, buti za zizini. Gerd Averbeck alikuwa anataka kutoa trekta akachukue benchi nyingine. Kasimama njiani, kaweka mikono mdomoni, kaita kama watu wa hapa wanavyoitana tangu zamani, kwa jina la shamba analokaa mtu, si lile la cheti:

"We, Thore wa Kiewitsiek! Tela yako imeziba njia!"

"Nakuja!" Thore kajibu, na kakimbia kuisogeza.

Hakufikiri. Wala Gerd hakufikiri. Rafiki zake wakaendelea kunywa.

Wiebke alikuwa amesimama mlangoni, chini ya shada, anatetemeka kwa baridi na gauni lake jembamba.

"Mbona unacheka, Bibi?"

"Sicheki. Mpelekee mumeo koti."